Beki wa Komoro

Munir alikuwa ameichezea Komoro miaka saba, beki wa kushoto, lakini tangu ahamie Carrollton, karibu na Dallas huko Texas, Marekani, mwaka 2017 kumfuata mkewe Mashavu, hakuna aliyemuuliza anacheza vipi. Walimuuliza nchi yake ina watu wangapi, na akitaja, wanacheka. Yeye akawa anawatazama kama mtu anavyomtazama nzi ukutani.

Aliyecheka zaidi alikuwa Gaudence, mhasibu wa Missouri City, mji wa pembeni ya Houston, mwenye timu ya Watanzania wa Houston. Hakuna harusi ambayo Gaudence hakusimulia jinsi goti lilivyomkosesha klabu kubwa ya Dar. Munir alikuwa amemwona akipiga mpira mara moja tu. Ilimtosha.

Kiangazi cha 2018 Gaudence akampigia simu: kuna mashindano ya Afrika Mashariki huko Houston, na beki wake kaumia. Munir alikubali kwa kuwa Mashavu alitaka kumwona dada yake anayekaa Pearland, jirani na Houston, basi. Alicheza kipindi cha kwanza karibu anatembea, na hakuna aliyempita. Wengi walikuwa wanaburuta vitambi. Wakati wa mapumziko mtangazaji akasoma majina kwenye kipaza sauti: Munir, mtoto wa Tanga.

Alimfuata Gaudence kumuuliza kama lile ni kosa. Gaudence akamshika bega.

"Mdogo wangu, nimekusaidia. Komoro anaijua nani?"

Munir akavua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya boksi la soda na kuondoka kifua wazi mbele ya wake za watu. Gaudence akaingia mwenyewe kuziba pengo. Walifungwa matano, karibu yote yakipitia upande wake.

Mwaka uliofuata timu ya taifa ikamwita Munir. Klabu yake ya Dallas, ya daraja la chini, iliyoazima uwanja wa shule, ikamwambia akienda asirudi. Kocha akaongeza kwamba hata hakujua kama Komoro ni nchi. Munir akaenda. Alimkaba winga wa klabu kubwa ya Ulaya mpaka yule akatolewa huku anatukana. Mechi ikaisha sare bila bao, na mji mkuu, Moroni, wote ukamwagika barabarani.

Alirudi Texas hana klabu. Mashavu akamwonyesha video iliyokuwa inazunguka kwenye makundi ya simu: Gaudence ndani ya mgahawa, kidole kwenye televisheni, akiwaambia watu kwamba huyu nilimtoa mimi.

Wiki haikuisha Gaudence akapiga tena. Alimtaka awe mgeni rasmi wa mashindano, na bendera ya Komoro ameshainunua, kubwa kuliko zote.

"Nitajie rangi zake," Munir akasema.

Gaudence akakohoa, akadai imo ndani ya gari. Munir akakata simu.

Mashavu alimwambia angemsamehe tu, mtu mzima yule.

"Unamsamehe mtu unayemhesabu," Munir akajibu.

Hakupata klabu nyingine. Mwaka 2020 viwanja vikafungwa kwa korona, naye akaajiriwa kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Asubuhi moja, akiwa kwenye foleni ya kupimwa joto mlangoni, akafungua simu, akakuta Gaudence ameandika kwenye kundi la jumuiya kwamba shujaa wetu ametundika daluga, tumuenzi. Watu walikuwa wanaweka alama za makofi. Munir hakuwa amemwambia yeyote kwamba ameacha mpira. Akajitoa kwenye kundi, akasogea mbele, akainua paji la uso lipimwe.