Mkono wa Ishara wa Kirumbi

Usingizi unamnyakua Mwadime mchana kweupe, kwenye benchi nje ya ofisi ya stesheni, akisubiri kuitwa na kamati ya uchunguzi. Mwenye haya hata usingizi wake hauna adabu, humchukua popote. Mara benchi halipo, anatembea juu ya mataruma, magogo yanayobeba reli, na reli zinakwenda zinarudi, na kila mji anaoufikia ni Kirumbi ile ile ya stesheni yake, imegeuzwa kama shati lililovaliwa ndani nje, na katika kila Kirumbi mkono wa ishara umeshuka, unawaambia madereva wapite. Inuka basi, anauambia, lakini wapi.

Maana yeye ndiye mshika ishara, na kule alikokuwa macho aliushusha kabla njia haijawa wazi. Huo ndio ungwana wao pale: treni nzito ikisimamishwa chini ya mlima, mvuke unafifia na mlima haupandiki, kwa hiyo rafiki akipiga filimbi mbili ndefu unamfungulia mapema. Onditi, dereva rafiki yake, alipiga. Mwadime akamfungulia, kumbe behewa la mwisho la treni ya mizigo bado limeziba njia. Garimoshi likaligonga, na mtia kuni wa Onditi akavunjika mguu. Kabla vumbi halijatua Mwadime akarudisha wenzo wa ishara, mkono ukapanda, akaapa kwamba Onditi ndiye aliyepita ishara ya kusimama. Miaka kumi na tisa ya udereva, na leo wanataka kumfukuza Onditi.

Kando yake sasa yuko mtu mwenye kofia ya reli, na chini ya kofia hakuna uso, ni ngozi tupu. Njia ya kutokea ni ipi, bwana? anamwuliza Mwadime. Ni fupi kuliko ulimi wako, na bado hujaimaliza. Sielewi. Unaelewa sana, ila unaona haya. Na kweli anaona haya, inamchoma masikioni, kwa sababu juzi tu alikula kwa Onditi, na mke wa Onditi alimwongezea samaki bila kuombwa.

Garimoshi linakuja polepole, na Onditi anainama dirishani, uso umejaa masizi. Ndugu yangu, niambie mimi peke yangu, mkono ulikuwa wapi? Ulikuwa chini, Onditi. Nilikufungulia mwenyewe. Maneno yanatoka bila shida yoyote, na katika miji yote mikono inainuka, na Mwadime analia kwa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi.

Mwadime, ingia. Karani amemshika bega. Ndani kamati imekaa mezani, na Onditi amesimama ukutani, anamtazama kwa matumaini. Mwadime ana hakika ameshasema kweli. Mwenyekiti anamwuliza mkono wa ishara ulikuwa wapi, na anasikia mdomo wake ukijibu, Ulikuwa juu, bwana. Onditi anainamisha macho. Karani anaandika. Chini ya meza Mwadime anajifinya paja, anajifinya tena kwa nguvu zaidi, akingoja kuamka.