Kilio Kilichochekesha Ukumbi

Ukumbi mzima pale Ukunda uliangua kicheko, na Kavindu peke yake hakucheka. Kwenye kitambaa cheupe ukutani, Tatu, msichana wa katuni, alikuwa ameshindwa mashindano ya urembo wa watoto. Baba yake wa katuni alikuwa amempaka rangi ya midomo na kumvalisha viatu virefu, yote kwa tamaa ya friji ya zawadi. Sasa Tatu alikuwa akilia jukwaani, taji la makaratasi limemwangukia puani, na watu wanashika mbavu.

Sauti ya Tatu ilikuwa ya Purity, bintiye Kavindu wa miaka minane, aliyekaa kando yake. Kavindu alikuwa ameringia sauti hiyo kwa kila aliyekutana naye katika hoteli ya Galu anakofanya usafi. Lakini kilio hiki alikijua. Purity akilia kwa kudeka humwita mama. Akiumia kikweli humwita bibi aliyemlea kule Shimba Hills, kwa Kikamba cha nyumbani. Na Tatu, ambaye hana bibi katika kipindi chote, alikuwa akilia, "Susu! Susu wee!"

Kavindu alikumbuka siku ya kurekodi. Chumba kilikuwa kimezibwa kwa magodoro, ukutani na mlangoni, kelele za barabarani zisiingie. Sauti hurekodiwa kwanza, alielezwa, michoro hufuata baadaye. Naye akakaa nje akinywa soda aliyonunuliwa na mwongozaji, Bwana Garama, asisikie lolote. Mtoto alitoka macho mekundu. "Ameigiza mpaka basi," Garama alisema, na yeye, mama mtu, akashukuru! Tangu siku hiyo Purity alikuwa akikataa kupigwa picha shuleni, na Kavindu alidhani ni haya ya kitoto.

Aliinuka akaenda moja kwa moja hadi mbele, kwenye mtambo wa kuonyeshea picha.

"Bwana Garama, ulimwambia nini mwanangu?"

"Mama Purity, tafadhali keti. Wageni wanatazama."

"Nimekuuliza. Ulimwambia nini?"

Garama alisimamisha kipindi, akatabasamu. "Mtoto hawezi kulia kwa kuambiwa lia, mama. Nilimchokoza kidogo tu. Nilimwambia tunachukua sauti yake peke yake, kwa kuwa sura yake haichoriki. Ni sanaa hiyo. Na kipindi chenyewe kinawatetea watoto, wasianikwe jukwaani kama bidhaa."

Kinawatetea! Mtu mzima na ndevu zake anamfungia mtoto wa watu ndani ya magodoro, anamvunja moyo, kisha anaita watu waje wampigie makofi kwa huruma yake. Mkono wa Kavindu ulikuwa tayari kumzaba kibao.

"Kitoe hicho kilio."

"Haiwezekani. Kitarushwa Jumamosi. Tena ndicho kinachochekesha."

"Basi shika maiki uwaambie hawa ulichomwambia. Waambie, wacheke tena."

Garama aliitazama maiki, hakuigusa. Kicheko kilikuwa kimekwisha ukumbini. Mwanaima, mwigizaji wa sauti ya mama yake Tatu, aliona heri apoze mambo. "Jamani, washeni taa tumwone huyo mtoto," alisema kwa upole. "Tumpigie makofi, maskini, apate kufurahi."

Taa ziliwashwa. Purity alikuwa amemfuata mama yake na kusimama nyuma yake, na vichwa vyote vikamgeukia. Aliivuta leso mabegani mwa mama yake, akajifunika uso wote, akaishikilia kwa mikono miwili. Wa kwanza kupiga makofi aliacha.

Kavindu hakuifunua ile leso. Alimwekea mwanawe mkono kichwani, akamgeukia mwongozaji.

"Haya, Garama. Mchore sasa."