Beseni la Strungi

Hapa Kericho ukitafuta mahali anga inapogusa chini, pale mabaharia wanapoanzia kupima jua, utazeeka. Ni vilima na majani chai tu. Ndiyo maana mume wangu Obiero, aliyekuwa mwanamaji Mombasa kabla ya kuja kuwa karani kiwandani, alipimia jua ndani ya beseni. Beseni langu la vyombo, jamani. Alilijaza strungi nzito, kwa sababu chai isiyo na maziwa huonyesha jua vizuri kuliko maji, kisha akalichungulia na sekstanti, chombo chake cha kupimia pembe. Mtoto wetu Oyugi alikuwa akilikinga upepo kwa gunia.

Oyugi alipokua akaingia kwenye meli ya mizigo kusomea uongozaji. Hesabu za kujua meli iko wapi zikamshinda. Alifeli mtihani mara ya kwanza, na akifeli tena anateremshwa. Wakati huo ini la Obiero lilikuwa limeisha, lakini akaapa kumchorea chati: unaweka rula kwenye pembe uliyopima, unasoma jibu, basi. Nilimgombeza ale kwanza. Wapi! Alichora kitandani mpaka akamaliza, na jirani yetu Kimeli, mwenye duka la kuchapisha pale Kapsoit, akaichapa tukaituma.

Siku moja baada ya hapo Obiero akanishika mkono.

"Mama Oyugi, nimemharibia mtoto. Kwenye beseni unapima kutoka jua hadi taswira yake, kwa hiyo pembe huja mara mbili, lazima uigawe kwa mbili. Nimeigawa ndani ya chati. Baharini anga inagusa maji, hawatumii beseni. Hakuna cha kugawa."

"Si uchore ingine?"

Mkono wake haukuweza hata kushika kalamu. Akaniomba nimchoree mimi. Mistari yangu ikaenda kombo, nikaitupa rula na kulia kwa hasira.

Kimeli akaja mbio kutoka dukani. "Mzee, Oyugi amepiga simu. Anasema chati ni nzuri sana. Mtihani ni kesho."

"Mpigie," Obiero akasema.

"Amepiga kutoka bandarini, Mzee. Hakuacha namba."

Obiero akageukia ukuta. "Hajaona kosa," akasema. "Anaitumia hivyo hivyo." Hakuongea tena, na wiki hiyo hiyo akatuacha.

Oyugi alifika tukijiandaa kumpeleka baba yake kuzikwa kwao. Hata sikumsalimia.

"Mtihani?"

"Nimepita, Mama."

"Na lile kosa la chati?"

"La beseni? Nililiona nilipoifungua tu. Nikipima, nazidisha kwa mbili kabla ya kuweka rula. Mimi si ndiye nilikuwa nashika gunia? Nilijua Baba alipimia wapi. Ndiyo nikapiga simu, nimwambie ni nzuri sana."

Nilitaka kupiga mayowe. Nikakaa chini kwenye kiti cha Obiero.

"Kimeli alimfikishia?" Oyugi akauliza.

"Alimfikishia."

"Alifurahi?"

Beseni lilikuwa pale mlangoni, limejaa vyombo vya wageni. Nikamwambia alifurahi sana.