Habari za Macho kwenye Simu ya Bi Mkasi

Bi Mkasi alikuwa amekwisha vaa. Gauni la kutokea, kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, viatu miguuni, na mfuko wa nguo za kulalia umefungwa na kuwekwa karibu na mlango. Kwa hiyo binti yake, nesi wa chumba cha upasuaji, alipoingia akihema na kumkuta mama kaketi nyuma ya cherehani, alidhani anapumzika tu.

"Shikamoo mama. Twende, teksi inatusubiri nje."

"Marahaba. Mwambie dereva aende zake. Mimi siendi."

Mama huyu alikuwa fundi wa nguo, na hilo jina la Bi Mkasi alipewa na wateja, si kwa sababu ya mkasi wa mezani bali ule wa mdomoni. Alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo ni mwizi mstaarabu: hauumi wala hauwashi, unakula taratibu kutoka pembeni, na ulichokula hakirudi hata uite madaktari wa dunia nzima. Matone yalikuwa yameshindwa. Daktari hakuuma maneno, alisema apasuliwe mapema ama akubali kukaa gizani. Tarehe ya kwanza Bi Mkasi aliisogeza kwa kisingizio cha sare za shule. Ya pili, eti mafua. Hii ya leo aliiomba nesi mwenyewe, kwa kubembeleza watu mpaka aibu zikamwisha.

"Mama, usinitanie asubuhi yote hii."

"Nani anakutania? Nimevaa, nimekaa, nikasema ngoja nisikilize habari kidogo huku nakusubiri. Nimesikiliza. Siendi."

Nesi alihisi damu inampanda. Yaani miezi yote ya kuhangaika inavunjwa na kitu kinachokaa kiganjani. "Hizo habari za simu ndizo zinakuharibu, mama. Watu wanakaa huko wanatunga uongo ili watazamwe, na wewe unauweka moyoni."

"Uongo?" Bi Mkasi aliivuta simu kutoka chini ya kitambaa kilichokatwa nusu. "Haya, njoo usikilize uongo."

Macho yake yalikuwa hayawezi tena herufi ndogo, hivyo simu ndiyo iliyomsomea. Akabonyeza. Sauti ya mwanamke asiyejua kuvuta pumzi ikaanza: mgonjwa fulani, hospitali fulani ya mbali, amepasuliwa jicho lililo zima, la ugonjwa likaachwa, kwa sababu alama ilichorwa upande usio wake.

Habari hiyo nesi aliijua. Aliisoma yeye mwenyewe, na Jumatatu iliyopita alisimama mbele ya wenzake akawasimulia neno kwa neno.

Maana kule chumba cha upasuaji walikuwa na utaratibu wao. Kila Jumatatu, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingizwa, mmoja anasimulia kosa lililotokea mahali pengine, kisha wote wanajiuliza kosa hilo lingeweza kupita mlango gani hapa kwao. Kazi ya kuyatafuta makosa ilikuwa ya nesi, na aliipenda kupita kiasi. Wenzake husoma udaku wakiwa kitandani, yeye anasoma ajali za hospitali. Walimtania kwamba siku akiolewa ataanza kumkagua bwana harusi vidonda. Lakini chumba chao kilisifika, na kilisifika kwa sababu hiyo.

"Endelea," alisema.

Chupa mbili zinazofanana zimechanganywa, mgonjwa kapofuka. Aliijua. Umeme umekatika katikati ya upasuaji na jenereta ikagoma. Aliijua. Pamba imesahauliwa ndani ya mtu. Aliijua hiyo pia, tena ilizua mabishano makubwa walipoijadili.

"Sema basi," mama alimwambia. "Ni uongo?"

"Hapana. Ni kweli."

Bi Mkasi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, siyo kwa jibu hilo. "Zote?"

"Zote, mama."

"Loo. Kumbe ni zaidi ya nilivyofikiri. Nilimuuliza yule mwalimu wa hesabu alipoleta suruali yake kupunguzwa. Nikamwambia, mwalimu, umesikia wanavyowaharibu watu macho huko hospitalini? Akanikodolea. Kwake ni mpira tu, asubuhi mpira, jioni mpira. Nikasema moyoni, masikini, huyu amelala usingizi wa pono. Nyumba inaungua na yeye anashangilia magoli."

Nesi aliichukua ile simu. Alitaka tu kuona habari hizo zinatoka wapi, pengine kuna mtu ana chuki na hospitali anazirusha. Juu kabisa, pembeni, palikuwa na picha ndogo ya duara. Akaigusa ikakua. Ulikuwa uso wake mwenyewe, amevaa sare ya kazini, anacheka.

Akatazama tena, kana kwamba uso ule ungebadilika ukawa wa mtu mwingine. Haukubadilika. Jina lake, akaunti yake. Ndipo ilipomrudia: simu hii ilikuwa yake. Aliponunua mpya alimpa mama hii ya zamani. Akafuta jumbe za mchumba na picha mbili tatu ambazo mzazi hana haja ya kuziona, ila akaunti akaiacha humo humo, ili mama asisumbuke na mambo ya maneno ya siri. Alijiona amefanya wema. Basi kila alichokitafuta usiku kwa ajili ya wenzake, kilipakuliwa asubuhi mbele ya mama yake, naye mama, kwa hofu, alikisikiliza mpaka mwisho, na simu ikaona hiki kinapendwa, ikaongeza.

Nesi akakaa sakafuni palepale, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Umeona nini?" mama aliuliza.

"Hizi habari ni zangu."

"Zako vipi? Wewe ndiye mwandishi?"

Akamweleza, kwa shida, maneno yakigongana. "Simu haijui mtu anasoma kwa nini, mama. Ikiona umesoma, inakuletea nyingine kama hiyo. Mimi natafuta makosa ili yasitokee kwetu. Wewe ukadhani ndiyo dunia ilivyo."

Bi Mkasi aliichukua simu, akailaza kifudifudi mezani.

"Na waliopona?"

"Wapo. Ni wengi mno, mama, hao walioharibiwa ni tone tu."

"Mbona humu sijawasikia hata mmoja?"

"Mtu akipona anarudi nyumbani, hakuna anayemwandika. Na mimi sijawahi kuwatafuta." Alishtuka kusikia jambo hilo kwa sauti yake mwenyewe.

"Hebu niambie sasa," mama alisema, na ukali wake ukarudi, ila ukali wenye machozi ndani. "Nimekaa humu ndani naogopa. Ukitoka kazini nakuangalia mikono. Nakula chakula ulichopika huku najiuliza, leo wamemfanya nini mtu, mbona mwanangu ananificha. Mwanangu niliyemzaa nikamwona muuaji. Kumbe yalikuwa masomo yako?"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe baadaye, sasa hivi nina hasira." Akajifuta macho kwa kitambaa, akasimama, akaishika meza ya cherehani. "Mfuko wangu uko wapi? Mwambie dereva asituache. Nikipasuliwa, nipasuliwe na watu wanaojua kuogopa. Hao wasioogopa ndio walioandikwa humo."

Nesi alimkumbatia pale pale, akalia bila kujizuia, na mama akampiga piga mgongoni akimwambia asimkunje gauni. Kisha kazi ikamshika tena. Alijua swali la kwanza watakaloulizwa wakifika ni mgonjwa anaona kiasi gani, akataka awe na jibu mkononi.

"Tulia hivyo hivyo, mama. Nakupima haraka tu."

Akaliziba jicho la kulia kwa kiganja chake, taratibu, na mkono mwingine akaunyanyua mbele ya la kushoto. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa dirishani.

"Vidole vingapi?"

Bi Mkasi aliinua kidevu, akasubiri kwa utulivu kama mtoto anayepanguswa uso.

"Haya mwanangu," alisema, "vinyanyue basi."

Vilikuwa vimenyanyuliwa tayari. Nesi akavisogeza karibu, akavisogeza tena, mpaka vikagusa kope, na hapo ndipo mama yake alipopepesa.