Puli Mbili za Ndolo

Jumatatu moja ya mwaka 1938, Mutindi alifungua mota ya kinu cha Tulia, akatoa kapasita zote nne, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, na kuzisugua kwa majivu na mchanga, kama anavyosugua sufuria. Mgeni wa serikali alikuwa apite sokoni, na Mutindi, aliyeajiriwa kufagia kinu, hakuwa mtu wa kuaibishwa na uchafu. Kapasita ziling'aa. Hazikubaki na herufi hata moja.

Dirie, mwenye kinu, aliziinua moja moja. Mbili zilikuwa za kuishtua mota inapowashwa, mbili za kuisaidia ikishakimbia. Maandishi ndiyo yaliyozitofautisha.

"Mama Kaluki," alimwambia Mutindi polepole, "ya kuwashia ni gani hapa?"

"Mzee, sasa zote ni safi."

"Nikiweka mbaya, itapasuka. Ijumaa ikifika kama hii mota bado imelala, napeleka kinu Salama."

Salama ilikuwa mbali mno kwa mtu mwenye gunia la mahindi mgongoni. Wanawake wangerudi kwenye mawe ya kusagia. Hata hivyo wapo waliofurahi kidogo, kwa sababu jiwe la kinu lilizunguka kwa kasi mno, na jua la Tulia lilifuata jiwe. Kinu kikisaga, jua lilitua saa tisa. Soko jirani la Matinyani lilibaki na saa zake za kawaida. Dirie aliswali alasiri na magharibi bila kukunja mkeka, na wanawake walipata unga laini lakini wakakosa mchana wa kupalilia. Ilibidi kuchagua. Mutindi alikuwa amechoka kuchagua. Alitaka vyote viwili, na alivitaka kwa hasira.

Alizipima kapasita kwa kiganja, kama apimavyo kunde sokoni. Mbili zilikuwa nzito, zimejaa mafuta. Mbili zilikuwa nyepesi. Kisha akaomba betri kubwa ya redio ya Dirie, akagusisha hapo kila moja kwa zamu ijae umeme, halafu akaitoa na kuunganisha ncha zake kwa kipande cha waya. Zile nzito zilitoa cheche ndogo, ya aibu. Zile nyepesi zililipuka kwa kishindo kilichowafukuza kuku mlangoni.

"Hizi za kelele ndio za kuwashia," alisema. "Mota ikiamka inataka nguvu mingi mara moja. Hizi nzito zikae kazini siku yote."

Mota iliwaka mara ya kwanza. Nje, jua likaanza kukimbia.

Dirie alisema ataagiza rezista kutoka Nairobi, ipunguze umeme.

"Mzee, ukinyima hii mota umeme itanguruma tu, ichemke, halafu iungue. Wacha ikimbie vile imezoea. Tubadilishe puli ya jiwe, hili gurudumu la mkanda. Ikiwa kubwa, jiwe linaenda pole."

"Puli kubwa tutatoa wapi?"

"Kwa Ndolo."

Ndolo alikuwa mchonga vigoda. Alichonga puli ya mti mgumu, pana kama ungo, na Ijumaa adhuhuri mkanda ukafungwa. Jiwe lilizunguka taratibu. Jua lilitua saa tatu usiku. Watu walisaga, wakapalilia, wakateka maji, na bado mwanga ukabaki wa kukaa tu na kupiga soga. Mutindi alilia kwa furaha mbele ya watu wote. Dirie alimkabidhi funguo za kinu, akachukua ufagio mwenyewe.

Jumanne ilikuwa siku ya kuchimba matuta ya serikali, kazi ya lazima isiyo na ujira. Amri ilisema toka mawio mpaka machweo. Mutiso, msimamizi wa chifu, alisimama na filimbi yake mpaka saa tatu usiku, na wanawake walirudi na malengelenge viganjani.

Mutindi alikwenda tena kwa Ndolo. Safari hii alitaka puli ndogo, kama kikombe.

Jumanne iliyofuata aliifunga kabla ya mawio, akawasha kinu. Jua lilichomoza, likapita juu ya vichwa na kutua saa nne asubuhi. Mutiso alitazama magharibi, akapuliza filimbi, maana amri ni amri. Wanawake waliteremka kilimani wakiimba, majembe mabegani, nguvu zao zote zikiwa bado mwilini. Wakapika, wakala, wakalala. Tulia haikuwahi kulala vizuri hivyo.

Mwezi uliofuata ilikuja barua ya serikali. Mutiso aliisoma sokoni kwa sauti: kwa kuwa siku za Tulia zimeonekana kuwa fupi, uchimbaji sasa utakuwa siku tatu kwa wiki.

"Siku gani?" aliuliza Mutindi.

"Jumanne, Jumatano na Alhamisi."

"Haya," alisema Mutindi, akaenda kulegeza mkanda, ile puli ndogo mkononi.