Mama Mkwe wa Pontien

Haya ni ya kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Ikiwa humu mna hata nusu neno la uongo, basi ng'ombe wote wa Mzee Ezira na wakauke maziwa leo hii. Wenye kisirani watasema Mzee Ezira hana ng'ombe, kwamba wa mwisho aliwaacha kwenye milima ya Kivu alipokimbia. Hao waachwe na kisirani chao. Kiapo ni kiapo.

Mzee Ezira alikaa Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, nyumba ya tope yenye mawe juu ya bati, na mlango wake ulitazamana na wa kijana mmoja Mrundi aliyeitwa Pontien, mchimba vyoo. Katika shimo moja huko Juru, upande mwingine wa kambi, Pontien alikutana na buibui. Si wale wa darini wanaofagiliwa kwa ufagio. Huyu alijaa kiganja cha mtu mzima, manyoya ya kahawia mwili mzima, miguu minene kama vidole vya mwashi. Mwingine angemkata kwa jembe akaendelea na kazi. Pontien alimleta nyumbani ndani ya ndoo ya rangi, akamwekea udongo na kipande cha gome, akamlisha panzi, akamwita Mama Mkwe, kwa sababu hasemi, hacheki, na ukila anakutazama.

Kisha safari ya Pontien ikafutwa. Ilikuwa safari ya ng'ambo, ya kuhama moja kwa moja. Kitanda alikwisha kukiuza, shamba alimwachia Angeline, jirani yake na Mrundi mwenzake. Wakatoliki walimwombea misa wakampa shati jipya. Waprotestanti wa kina Ezira nao hawakutaka kushindwa, wakaja kuliombea sanduku lake hadi likapata joto. Asubuhi ya kuondoka simu ikatangulia gari. Safari zote za kule zimesimama. Mpaka lini? Mpaka mtaambiwa.

Mtu aliyekwisha kuagwa, anasalimiwaje tena? Pontien hakulijua jibu, na watu nao hawakulijua. Akafunga mlango, akaziba dirisha kwa turubai, akawa anatoka alfajiri kuchota maji na kuoga nyuma ya nyumba kama mwizi. Sanduku halikufunguliwa. Ndani ya chumba hicho waliingia wawili tu: Angeline na maharagwe yake, na Mzee Ezira na bakuli la maziwa.

Basi mchana mmoja Mzee Ezira akasukuma mlango kwa kiwiko, bakuli mkono huu, fimbo mkono huu. Pontien yuko chooni nyuma ya nyumba. Mama Mkwe naye alikuwa ametoka ndooni kunyoosha miguu, anakuja moja kwa moja kwenye kidole gumba cha mzee. Mchunga ng'ombe haulizi kitu jina lake kabla ya kupiga. Fimbo ilishuka yenyewe. Mguu mmoja ukabaki sakafuni peke yake, na tumbo likapata ufa unaotoa majimaji kama ya mtindi uliokatika.

Ndala za Pontien zikasikika. Mzee Ezira akatafuta la kusema, na midomo yake, ambayo haijawahi kukosa la kusema tangu abatizwe, ikampa hili: kuku. Kuku wa Angeline ameingia, amemdonoa, nami nimemfukuza kwa fimbo.

Pontien alichuchumaa akatazama. Laiti angepiga kelele. Aliketi juu ya sanduku, uso kwa ukuta, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi:

"Muzee, hapa sina mutu mwingine. Huyu akikufa, mie siamuki tena fasi hii."

Mzee Ezira alihisi chumba kinapungua upana. Angeweza kuweka maziwa chini akaenda zake. Badala yake midomo ikamtangulia tena. Nani kasema atakufa? Kule milimani tulikuwa nao wakubwa kama ungo, wanalala na ndama, wakiumia mimi ndiye nilikuwa ninaitwa. Pontien akageuka taratibu akamtazama. Hapo ndipo mtego uliponasa: mzee alikuwa daktari, na hakukuwa na mlango wa kutokea.

Alichokijua yeye ni ng'ombe. Jeraha la ng'ombe hukaushwa kwa majivu, lakini majivu ya jikoni yalikuwa bado yana moto. Akachungulia nje, akaona unga wa muhogo wa Angeline umeanikwa, akachota wa kubana kwa vidole viwili, akaunyunyiza juu ya ufa. Unga ukanywa yale majimaji, ukashikana, ukawa kigaga. Majimaji yakakoma. Hakuna aliyeshangaa kuliko daktari mwenyewe, ila alikunja uso kama mtu aliyechoka kufanya miujiza. Angeline alipoambiwa ya kuku, alimfunga kuku wake kamba mguuni bila kesi wala shahidi.

"Na kesho dawa gani?" Pontien akauliza.

Dawa ya kesho iko Mbarara, mzee akajibu, kwa kuwa Mbarara ni mbali.

Na kweli akaenda. Aliposhuka mjini alivuta pumzi kama mtu aliyefunguliwa pingu; akawaza apande gari jingine, afike kwa shemeji yake kambi ya Oruchinga, akae huko mpaka buibui afe na kijana asahau. Lakini kila alipowaza kusahau, aliuona ule uso kwa ukuta. Akaingia duka la dawa za mifugo. Kwa mchunga ng'ombe, ugonjwa usio na jina una tiba moja, nayo ni kuogesha kwa dawa ya kupe. Muuzaji alikuwa Mnyankore, mama mmoja aitwaye Mbabazi, mwenye Kiswahili cha sokoni.

"Ng'ombe ngapi, mzee?"

"Mmoja."

"Iko kilo ngapi? Hii dawa napimwa na kilo."

Mzee Ezira akatazama kiganja chake. "Hana kilo," akasema.

Mbabazi akairudisha chupa chini ya kaunta, akataka kujua ni mnyama gani. Mzee akaeleza, isipokuwa sehemu ya fimbo. Yule mama alicheka mpaka jirani wa duka la pili akachungulia, kisha akajifuta macho, akawa mtu wa kazi tena.

"Kupe iko na miguu ngapi?"

"Minane."

"Na mgonjwa yako?"

"Saba, sasa hivi."

"Hiyo ni ndugu yake. Dawa nauwa kupe, nauwa na yeye. Peleka maji tu. Wacha yeye alale."

Mzee Ezira alitoka mikono mitupu, akihesabu kwamba ilibaki hatua moja tu amwue mgonjwa mara ya pili. Lakini mtu hawezi kurudi kutoka Mbarara na neno "maji tu". Akaokota chupa ya soda, akaijaza bombani pale stendi, na jioni Nakivale akamwekea mgonjwa dawa hiyo katika kizibo, tone kwa tone, huku akikataza isinuswe. Mama Mkwe akanywa. Kigaga kikashika.

Majuma yakapita hivyo, na mzee hakupata ruhusa ya kukosa. Asipofika asubuhi, Pontien hugonga mlango wake kwa ndani mpaka mzee asikie. Akisema anakwenda kwenye maombi, Pontien humwuliza kama Mungu hawezi kungoja. Chumba kilinuka udongo na panzi, dirisha limezibwa, sanduku liko palepale limefungwa, na wanaume wawili wameinamia ndoo ya rangi. Mzee akaanza kuota kwamba yeye ndiye aliye ndooni na yule mwanamke wa manyoya anamchungulia.

Kisha mgonjwa akakataa panzi. Na alasiri moja wakamkuta amelala chali, miguu juu, imekunjika.

Mkono wa mzee ulikwenda wenyewe. Ng'ombe akilala chali, tumbo hujaa, asipogeuzwa upesi amekwenda. Hilo mtoto wa mfugaji hulijua kabla ya kujua kunawa. Pontien akamdaka kifundo cha mkono.

"Usimuguse. Umesumbuka naye mingi. Sasa tukae naye tu."

Akaenda akatia komeo. Kilio ni kilio, hata cha buibui, na anayetoka kwenye kilio kabla ya maiti kutoka ni adui. Mzee Ezira akaketi sakafuni. Bati lilikuwa linatoa mlio kwa joto. Alitaka maji, akaona aibu kuyaomba. Pontien hakulia. Alikuwa anafungua na kufunga kitasa cha sanduku, kak, kak, na kwa kila mlio mzee alisikia ule msemo wa siku ile, siamuki tena fasi hii. Mara akaona afadhali aseme. Akafungua mdomo kutamka neno fimbo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mdomo ukakataa.

Ndipo Mama Mkwe alipopasuka.

Kifua kilifunguka kama kifuniko cha sufuria, na ndani yake akaonekana mwingine, mbichi, rangi ya maziwa ya mwanzo. Alikuwa anajivuta nje ya nafsi yake polepole, mguu mmoja kwa mmoja, kama mtu anayevua buti zilizojaa tope. Walimtazama bila kupepesa. Mwisho wakawa wawili: ngozi tupu huku, mwenyewe huku, amelegea, anapumua. Na pale palipokuwa na kisiki, pameota mguu mwembamba, mfupi, wa nane.

Pontien alipiga kofi la furaha. Akataka kumwona vizuri, akasahau, akaufungua mlango wazi ili mwanga uingie. Mwanga ukaingia na watu wakafuata, Angeline mbele.

Pontien akarudi nyuma ya kizingiti, akasimama gizani kidogo. Lakini Mzee Ezira alikuwa ametoka kifungoni, yuko uani, ngozi ya buibui juu ya sahani mikononi, na watu wamemzunguka. Ni nani angeweza kunyamaza? Akawapa kuanzia mwanzo. Mnyama aliinuka kwa miguu ya nyuma akawa urefu wa goti. Macho kama taa za lori. Mwingine angekimbia hadi Endiinzi, lakini yeye, mtoto wa wafugaji, alisimama imara, akainua fimbo, na kwa pigo moja tu—

Aliisikia sentensi yake mwenyewe ikianguka chini.

"Rudia hapo, muzee," Angeline akasema.

"Wapi?"

"Hapo kwa fimbo. Kuku wangu mguu umemuvimba kwa kamba, nataka nimupelekee habari."

Watu walicheka wakaangukiana. Mzee akatazama kizingitini. Pontien hakucheka, alikuwa anamtazama tu, na hilo lilikuwa kali kuliko fimbo. Angeline hakumpa nafasi ya kutunga. Akasema kwao Burundi aliyeumiza na kudanganya huleta pombe, na aliyeumizwa hunywa wa kwanza, uani, mbele ya majirani, la sivyo neno halijaisha. Mzee akakumbusha kwamba yeye ni mzee wa kanisa, hanywi, hata hagusi. Vipi maziwa? akauliza. Vipi Fanta?

"Fanta ni ya ubatizo. Hakuna aliyekuambia unywe. Utabeba," Angeline akajibu.

Wote wakamgeukia Pontien, maana bila yeye kutoka faini hailipiki. Aliweka mkono kwenye fremu ya mlango, akautazama ua.

"Ya ndizi," akasema mwishowe. "Na isiwe kidogo."

Kwa hiyo kesho yake jua la saa tisa lilimkuta Mzee Ezira na dumu la njano begani, pombe inamchuruzikia kwenye koti la Jumapili, akipita mbele ya kanisa wakati kwaya inafanya mazoezi. Sauti ya kwanza ilinyamaza, kisha ya pili. Besi waliendelea kidogo, kwa kuwa wao hawaoni dirishani, kisha nao wakanyamaza. Mzee akasalimia kwa kidevu akaendelea kutembea.

Kwa Angeline kiti kimewekwa uani, peke yake. Pombe ikamiminwa kwenye mtungi, na Angeline akaongeza kwamba mlipaji huushika mtungi mwenyewe mpaka mwenzake atosheke, sheria ambayo mzee alishuku imezaliwa dakika ile. Akaushika. Pontien akatoka. Alikunja macho kwa jua, akavuka ua na ndala zake, akaketi. Hakuna aliyemwuliza habari za safari. Mmoja akasema shati lile la misa linampendeza, mwingine akasogeza mguu ampishe.

Akapewa mrija. Akanywa kwa muda mrefu, bila haraka, kama mtu asiye na gari la kuwahi, na mtungi ukaanza kuinama mikononi mwa mzee.

"Muzee," Pontien akasema, bila kuutoa mrija mdomoni, "shika muzuri."

Mzee Ezira akashika.