Kitambi Chini ya Manyoya

Kazi yangu ni kutengeneza vitu vya kupendeza, na mimi mwenyewe sipendezwi kirahisi na kitu. Nalisema hilo mapema, mtu asije akanitafuta akitegemea kukutana na mama mwenye sauti ya asali. Nachonga viumbe kwenye kompyuta. Si wanyama wa kweli. Ni vidude vya kubuni, mabunda ya manyoya yenye macho makubwa kama visahani, masikio yaliyolegea, na vijiguu ambavyo haviwezi kukimbia hata mvua. Vinaingia kwenye michezo ya simu. Watoto wanavilisha na kuvibembeleza, na wazazi wao wanapata nafasi ya kunyoosha mgongo.

Bosi wetu ana sheria zake. Kidude kisiwe na meno. Kisiwe na kucha. Kisikunje uso. Nikimpelekea chenye ndita kidogo tu, anakirudisha na kuniuliza hasira hizo kimezirithi kwa nani. Anajua vizuri sana kimezirithi kwa nani.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mimi nachonga mwili, mtupu kama kuku aliyenyonyolewa. Nikimaliza namtumia mwenzangu wa ofisini ambaye tunamwita Kinyozi, naye anaotesha manyoya, anayachana, anayatia rangi. Tulimpa jina hilo kwa sababu kichwani hana hata unywele mmoja, na binadamu hatuna huruma. Kwa hiyo kila ninachochonga kinafunikwa. Wachongaji wengine wameshalijua hilo, wanapeleka mwili laini kama yai na kwenda zao kula. Mimi siwezi. Manyoya yakiota juu ya yai yanakaa kama wigi la kuazima. Yakiota juu ya bega la kweli, kidude kinapumua. Sasa bega la kweli ningelipata wapi? Nililipata kitandani kwangu.

Mume wangu ni mwoka mikate. Anaingia bekari jua likizama, anarudi asubuhi ananukia hamira, anaoga, anavua shati, analala. Chumba chetu ni kimoja: kitanda upande huu, meza yangu upande ule, chini ya dirisha. Yeye analala, mimi nafanya kazi. Nikikwama kwenye kiwiko, nageuza shingo, nakitazama kiwiko chake, narudi kwenye skrini. Ndivyo nilivyofanya kwa mbavu, kwa kitovu, kwa kovu la begani, kwa ile mistari ya kuungua ambayo trei za moto zimemwachia mikononi, mpaka kwa kitambi alichokipata baada ya ndoa. Kuanzia kiunoni kwenda chini vidude vyangu vina miguu ya kubuni, kwa hiyo msinifikirie vibaya.

Sikumwambia. Wala sikuona kama namficha kitu. Niliona ni mambo ya kazi tu, na mume ni wangu, sikumwiba kwa jirani.

Balaa lilianza siku alipopata kazi nyingine. Bekari ya mji wa mbali ilimtaka awe msimamizi wa matanuri, zamu ya mchana, nyumba ndogo ya kukaa, kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Habari hiyo aliuambia mgongo wangu. Nikaitikia "mm". Akarudia. Nikamwambia angoje nimalize sikio. Jamani, masikio ya vidude ni kazi. Ukilikosea kidogo tu, sungura anakuwa punda. Nilipogeuka, alikuwa ameshakwenda kazini.

Tukagombana siku zilizofuata, kwa vipande vipande, kwa sababu hatukuwa na muda wa kugombana mara moja tukamaliza. Alisema mimi simwoni. Alisema akihama nitagundua siku nitakapoona kitanda kimeshinda kimetandikwa. Nikamjibu kwamba namwona kuliko anavyojiona mwenyewe kwenye kioo, na kama ananitafutia sababu aseme. Akacheka kwa puani, kile kicheko ambacho nikikisikia natamani kurusha kitu. Akasema wale wa bekari atawapa jibu baada ya sherehe ya ofisini kwetu.

Nilitaka asiende. Neno lenyewe ni moja tu, "usiende", na mdomo wangu haujawahi kupungukiwa maneno. Lakini kila nilipoufungua, yalitoka yale mengine.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya kumzindua Kiororo, kidude chetu kipya. Bosi alikodi ukumbi kwa asubuhi moja, akaalika wateja, akatuambia tuje na familia zetu ili wateja waone sisi ni watu wa upendo. Mume wangu alikuja kwa sababu ya mama yake. Mama mkwe alitaka kuiona kwa macho yake hiyo kazi inayomfanya mwanamke ashindwe kugeuza shingo mumewe anapomsemesha. Alivaa gauni lake la harusi za watu wazito, akakaa safu ya mbele karibu na mteja mkubwa kuliko wote, na kabla Bosi hajamaliza kusema karibuni alikuwa ameshamuuliza yule mteja ana watoto wangapi na kwa nini wachache.

Kiororo akatokea kwenye skrini kubwa. Ukumbi mzima ukasema "aaah". Mimi nikapiga mwayo.

Ndipo Bosi akatangaza kwamba kuna jambo jipya. Mteja ameomba watoto waweze kumwogesha Kiororo na kumnyoa, halafu manyoya yaote tena. Nikamgeukia Kinyozi. Akatabasamu kwa fahari. Kumbe kazi hiyo aliifanya peke yake juma lile, wala hakuona haja ya kuniuliza, kwa sababu tangu ofisi ianzishwe hakuna mtu aliyewahi kuuliza habari za mwili. Mwili ulikuwa tayari, umechongwa vizuri, upo chini. Yeye angeuliza nini?

Akaitwa binti mdogo wa mhasibu, akawekewa mashine ya kunyolea kwenye skrini, akaambiwa apitishe kidole. Akapitisha. Manyoya ya begani yakadondoka, na kovu likatokea.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ardhi ikakataa. Mtoto naye alikuwa amenogewa. Zikatokea mbavu, zikatokea alama za trei, kikatokea kitovu, na mwisho kikashuka kitambi, kimeangukia kushoto kama unga uliozidi beseni. Juu yake uso wa Kiororo ulikuwa unaendelea kutabasamu na macho yake ya visahani, haujui lililoupata huko chini. Watu wakaangua kicheko.

Mama mkwe akasimama.

"Huyo si mwanangu huyo?"

Akasogea mpaka kwenye skrini, akagusa kovu kwa kidole. Akawaeleza wateja, bila kuombwa, kwamba kovu lile ni la geti la chuma, kwamba alimfunga kidonda yeye mwenyewe kwa kanga yake, na kwamba mtoto yule alikuwa mtundu hasemeki. Kuhusu kitovu alisema hawezi kukosea, maana alikijua kabla hakijakatwa. Hapo watu walicheka mpaka wakashika viti. Kinyozi akaniinamia, uso umemshuka, akaninong'oneza kwamba miaka yote hii alidhani namchonga yeye. Nikamtazama tumbo. Kwa kweli nilielewa kosa lake lilikotoka.

Mteja mkubwa alikuwa anafuta machozi. Akasema hajawahi kuona kidude chenye utu kiasi kile, na anataka vingine, tena visivyo na manyoya kabisa. Bosi, yuleyule wa kisikunje uso, akashika kipaza sauti akasema siku zote amekuwa akitusisitizia ukweli wa mwili. Za mwizi ni arobaini, lakini za Bosi hazihesabiki.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mume wangu alikaa palepale, mikono juu ya magoti, anaitazama skrini mpaka ilipozimwa.

Njiani mama mkwe ndiye aliyeongea peke yake. Alikuwa amefurahi. Alisema sasa amekubali kwamba hii ni kazi, na alipofika kwake aliniambia nimchonge na yeye, ila nimpunguze kidogo kiunoni. Tuliobaki wawili tulifika nyumbani. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba: kwamba wanawake wangapi wanawatazama waume zao hadi kwenye kiwiko, kwamba anayesema simwoni ajitokeze sasa aseme tena. Nilikuwa nimeshinda, naona kabisa.

Hakuniacha nianze. Akavuta kigoda karibu na meza, akasema nifungue vyote.

Nikavifungua. Kila kimoja alichotaka nilikivua manyoya. Vidude vya mwaka huu, vya mwaka jana, vya kabla ya hapo, vyenye mikia na vyenye mabawa, na chini ya vyote alikuwa yeye. Aliviangalia kwa umakini anaoutumia kuangalia mkate kama umeiva. Kisha akakigusa kitambi cha mmoja.

"Hiki kinaangukia kushoto nikilala tu," akasema. "Nikisimama kiko katikati kama cha watu wengine."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo, nitalirekebisha.

"Hapana, sikiliza. Hawa wote wamelala. Hakuna hata mmoja uliyemtazama yuko macho."

Mimi, ambaye nimeshawahi kumjibu askari wa barabarani mpaka akaomba radhi, nikaanza kuvifunga vidude kimoja kimoja. Kwa sababu ilikuwa kweli. Akiwa amelala hasemi, hadai, haulizi kama nimekula, hanipi habari zinazotaka jibu. Nilikuwa nimempenda hivyo, kwa miaka, kwa raha zangu, kama mtu anayesoma gazeti la jirani.

Akasimama, akavua shati, akabaki amesimama katikati ya chumba, kwenye mwanga wa dirisha. Hakusema nimwangalie, lakini ningeangalia wapi? Chumba chenyewe ndicho hicho. Nikamwangalia. Kitambi kweli kilikuwa katikati. Na kifuani, mahali ambapo huwa anaweka mkono akilala, nywele zilikuwa nyeupe. Si moja wala mbili. Kifua kizima kilikuwa na mvi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu tumzike baba."

Kwenye mazishi yale nilikuwepo. Nilipika, nilitandika mikeka, nililia kuliko mabinti wa marehemu. Kisha nikarudi kwenye meza yangu, na mtu huyu akawa anaota mvi nyuma ya kiti changu, mimi nikimchonga kwapa. Nywele si idara yangu. Nywele ni idara ya Kinyozi.

Akasema analala kidogo kabla ya zamu, na akiamka atawapigia wale wa mji wa mbali awape jibu. Hakusema jibu gani. Akajilaza kwa upande wake uleule, mkono kifuani, na baada ya muda pumzi ikabadilika.

Nikazima kompyuta. Nikageuza kiti, si shingo tu, kiti chote, kikapiga kelele sakafuni nikadhani nimemwamsha. Bosi alikuwa anapiga simu. Nadhani mteja alishataka vipara vyake. Niliichukua simu nikaifunika chini ya mto, ikatetemeka huko mpaka ikachoka. Mikono sikujua niiweke wapi. Nimemtazama mtu huyu maelfu ya mara, na siku zote kulikuwa na kitu nilichokuwa namchukulia. Siku ile sikuchukua kitu. Nilikaa tu, nikaona kazi ya kukaa ni ngumu kuliko masikio.

Alipofumbua macho alinikuta nimemwelekea. Tukatazamana kama watu waliokaa pamoja kwenye foleni ndefu na sasa inabidi waambiane majina.

"Umeona nini?" akauliza.

"Unakoroma."

Akasema hilo hata mama yake analijua.

"Basi una mvi," nikamwambia, "na naomba usiende." Sauti yangu ilitoka mbaya, imekwaruza, si sauti ya mtu anayejua kubembeleza. Nikarudia ili asije akasema hakusikia. "Usiende."

Bila kuinuka, akanyoosha mkono nimpe simu yake, ampigie yule mwenye matanuri wa mji wa mbali, asije akamsubiri bure.